Apigiwe Nani

Nimekaa jikoni miaka mingi na nimeona watu wa kila namna wakipita na sahani zao. Lakini mtu wa kubandika birika, akaenda dirishani kutazama shuka zilizoanikwa, akasahau mpaka birika likakauka na kuanza kunuka, kisha akarudi akaliomba radhi birika, si mimi mwenye birika, birika lenyewe! Huyo nimemwona mmoja tu maishani. Tulimwita Ndoto.

Jina nilimpa mimi, na wala sikumpa kwa mapenzi. Alikuja kuwa karani wa nyumba yetu ya kutunzia wazee akiwa na begi moja na ua moja kwenye kopo. Mrefu, shingo imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Ukimwuliza jambo, jibu utalipata, ila utalipata umeshakata tamaa na kuanza kuondoka. "Ndiyo, Dada," anakwambia, nawe umeshasahau ulimwuliza nini. Wazee walimpenda tangu siku ya kwanza. Wao nao muda mwingi hawapo hapa, kwa hiyo walikutana naye hukohuko walikokuwa.

Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, akaishi peke yake. Mama yake alishafariki, ndugu hakuwa nao, na hayo aliyasema mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja rangi ya mlango wake. Sikumwuliza zaidi. Mdomo wangu hauna breki, lakini kuna milango hata mimi sigongi.

Sasa, huyu Ndoto ndiye aliyetutengenezea jedwali. Zamani habari za wazee wetu zilikaa kwenye mafaili, mafaili yakakaa kabatini, na ufunguo wa kabati ukawa kwa mtu aliyekwenda likizo. Ndoto akasema siku hizi kuna programu ambazo huhitaji kujua lugha ya kompyuta hata neno moja. Unavuta visanduku kwa kidole, unavipanga kama unavyopanga vyombo kabatini, basi, umepata kanzidata. Meneja wetu alilipenda sana hilo neno kanzidata, akawa analisema hata mahali pasipo pake. Sisi wengine tuliliita jedwali la Ndoto.

Na lilikuwa na mambo yake hilo jedwali. Mtu mwingine angeandika "Ndugu wa karibu", "Vyakula vilivyokatazwa". Yeye kila kisanduku alikiandika kama mtu anayeuliza kwa upole mlangoni: Aitwe Vipi. Alale Wapi. Anywe Nini. Asipewe Nini. Na kile cha mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea, akakiita Apigiwe Nani. Meneja alisema hayo si maneno ya kiofisi. Ndoto akatazama nje muda mrefu, akasema, "Lakini ndivyo tunavyouliza." Yakabaki.

Kuna jambo jingine alilolishikilia, na hilo ndilo lililotuletea balaa. Alisema mzee asijibiwe na mtu mwingine wakati kinywa chake kipo. Nikamwambia, mgonjwa haulizwi uji, anapewa. Akatabasamu. "Hawa si wagonjwa, Dada. Ni wazee tu." Basi kila siku walezi wakawa wanapitisha tableti kitanda kwa kitanda, kila mzee abonyeze mwenyewe picha ya anachotaka kunywa: chai, maziwa, maji ya limau. Mimi naona kwenye kompyuta ya jikoni, naandaa. Na kwa kweli nilipenda. Kulikuwa na Bibi wa Dirishani, hasemi kabisa, hata neno, na tulizoea kumpa chai kwa kuwa hakuwahi kuikataa. Kumbe siku zote hizo alitaka maziwa!

Tableti ile ilifunguliwa siku ya kwanza na mdogo wangu wa tumbo moja, mlezi pale. Tunamwita Taratibu kwa sababu ndivyo alivyo. Akianza kumnyoa mzee mmoja, unaweza kubandika maharage yakaiva. Kazi ile nilimwombea mimi. Akaingia kwa akaunti yake, akaweka neno la siri, akalisahau kabla hata hajala mchana. Basi tukakubaliana kimyakimya kwamba tableti isifungwe kamwe. Walezi wote, zamu zote, wakafanya kazi kwa jina la Taratibu. Nani angejali? Mkate ni mkate, akate huyu akate yule.

Mpaka siku Meneja alipotaka kumpigia simu mtoto wa Babu Opereta.

Huyu Babu zamani alikuwa akiunganisha watu kwa simu, enzi za waya na matundu, pale ulipoinua simu ukamkuta mtu anakuuliza, "Nikuunganishe na nani?" Sasa miguu ilikuwa imegoma, yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini sauti, loo! Akikusalimia asubuhi, unaona siku imeshanyooka. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, nchi ya mbali, na nyumba moja iliyofungwa. Meneja akafungua rekodi yake, akatazama Apigiwe Nani, jina la mtoto halipo. Lipo jina la Taratibu, na namba yake ya simu.

Jamani! Mlezi amejiandika kuwa mtu wa karibu wa mzee mwenye nyumba. Hata mimi, ingekuwa si mdogo wangu, ningepiga kelele kuliko wote.

Meneja akatuita mimi na Taratibu ofisini kwa Ndoto, kule juu ya stoo ya mashuka. "Hii kanzidata," akasema, "inaweza kutuambia ni nani amebadilisha?" Ndoto akasema inaweza. Akaongeza safu pembeni, akaiita Aliyebadilisha, akafungua historia ya rekodi ya Babu. Nje shuka zilikuwa zinapumua kwenye kamba, zinajaa upepo, zinautoa, zinajaa tena. Ndoto akasoma kwa ile sauti yake ya kutoka mbali: "Aliyebadilisha: Taratibu."

Nilimgeukia mdogo wangu. "Si mimi, Dada," akaniambia, mimi, wala si Meneja. Halafu, kwa kuwa Mungu alimnyima ulimi wa kujitetea akanipa mimi wa watu wawili, akaongeza, "Labda nilibonyeza bila kujua." Labda! Mtu anakunyonga, na wewe unamshikia kamba! Na kwa hasira, hata mimi sikukumbuka kwamba tableti ile ilishikwa na kila mtu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema tu Taratibu akae nyumbani mpaka bodi ikutane mwisho wa wiki. Bodi ikiona ni kweli, kazi hana tena, na hakuna nyumba nyingine ya wazee itakayompokea mtu mwenye doa kama lile. Taratibu akavua koti lake la kazi, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka kitini. Akauliza nani atamnyoa Babu kesho.

Nilimchukia Ndoto. Nasema wazi, sioni haya. Nilimchukia kwa sababu alisoma lile jina kama anasoma bei ya vitunguu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na jedwali lake hilo ni mdudu wa nguoni. Nikaanza kumpa ncha za mkate, zile ngumu, na chai ya mwisho wa birika. Unajua alifanya nini? Alizipokea kwa mikono miwili akasema, "Asante, Dada, umejuaje kwamba napenda ncha?" Sasa mtu kama huyo utamkomoa vipi?

Nyumbani kwangu ndiko kulikoniumiza. Taratibu alishinda kwenye kochi, amekunja kila kitu kinachokunjika, mpaka matambara ya kudekia. Akishika simu anaitazama, anaiweka. Hakulia, afadhali angelia. Aliniuliza kitu kimoja tu kila nikirudi: Babu amenyolewa? Nikamwambia amenyolewa. Nilimdanganya. Babu alikataa kunyolewa na mwingine, ndevu zikawa zimeanza kuota nyeupe kidevuni.

Siku moja, ule wakati wa baada ya chakula ambapo nyumba nzima inalala na hata mabomba yanaacha kulia, Ndoto akaingia jikoni na kompyuta yake mikononi, imefunguka, ameibeba kama mtu aliyebeba sinia lenye glasi zilizojaa. Macho yake yalikuwa hapa. Sijawahi kuyaona yakiwa hapa namna ile.

"Dada," akasema, "mdogo wako yuko wapi sasa hivi?"

"Ulitaka awe wapi? Si mmemfukuza? Yuko kwenye kochi langu."

"Una hakika?"

"Ebo! Nimetoka kuongea naye kwenye simu sasa hivi, ameniuliza sufuria kubwa niliiweka wapi. Unataka nini kwa huyo mtoto wa watu, mama?"

Akaigeuza kompyuta. Nikaona safu ile ile, Aliyebadilisha, na chini yake jina la mdogo wangu, limejipanga mara nyingi. "Tangu aondoke," Ndoto akasema, "anaendelea kubadilisha Apigiwe Nani za wazee. Kila mchana. Na amebadilisha tena sasa hivi, nilipokuwa nashuka ngazi."

Nikatazama. Mdogo wangu yuko nyumbani anatafuta sufuria, na jina lake liko kazini! Nilicheka, halafu nikakaa juu ya gunia la viazi.

"Ameandika nini?" nikauliza.

Ndoto akasoma polepole. Kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu, Apigiwe Nani: rafiki yangu wa darasa la kwanza, mwenye mwanya. Kwa mwingine: mke wangu, lakini yule wa kabla hajaugua. Namba za simu hakuna. "Nilidhani ni mchezo," Ndoto akasema. "Nikataka kufuta. Kisha nikazisoma zote, nikashindwa."

"Twende," nikamwambia, na nikamshika mkono bila kukumbuka kwamba namchukia.

Tukaingia kwa kunyata walikolala wazee. Chumba kile kirefu, mchana wakati wa usingizi, si cha dunia hii. Mapazia mepesi yamefungwa, mwanga unapita kitanda kwa kitanda bila haraka, kana kwamba nao uko zamu. Mlezi wa zamu mwenyewe alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi, kikapu cha soksi mapajani. Na katikati ya vitanda, kiti cha magurudumu kilikuwa kinakwenda bila mlio, Babu Opereta juu yake, tableti magotini.

Akasimama kwa Bibi wa Dirishani. Yule wa maziwa. Yule asiyesema.

"Habari ya mchana, mama," Babu akasema kwa sauti ile. "Nikuunganishe na nani?"

Bibi akafumbua macho. Nikajiambia, mzee wa watu, atasubiri mpaka kesho. Ndoto akaniminya mkono. Midomo ya Bibi ikacheza, ikacheza tena, na sauti ikatoka, ndogo, ya kitoto kabisa.

"Dada yangu. Tuliyekuwa tunajifunika naye shuka moja."

"Ana simu, mama?"

"Hana."

"Si neno. Laini ipo." Babu akaandika kwa kidole kimoja, bila pupa. Kisha akaweka kiganja sikioni, akafumba macho. "Usikate, mama. Ninaunganisha." Chumba kizima kikawa kinasikiliza, hata waliolala. "Ongea, mama."

"Haloo?" Bibi akasema. "Ni mimi. Umeshakula?"

Mimi ni mtu wa kukaripia, si mtu wa kulia. Lakini siku hiyo nililia mpaka aproni ikalowa, na Ndoto pembeni yangu analia bila sauti, miwani imejaa ukungu. Hatukusogea mpaka Bibi alipomaliza maongezi yake na kujifunika upya.

Babu akatuona. Hakushtuka. "Na wewe, binti?" akamwuliza Ndoto. "Nikuunganishe na nani?"

Ndoto akafikiri kama kawaida yake. "Sina, Babu," akasema.

"Hakuna asiye na mtu wa kupigiwa. Hujamkumbuka tu."

Nikafuta pua. "Babu," nikasema, "ni wewe uliyeandika namba ya Taratibu kwenye rekodi yako?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, Babu? Wamemfukuza kwa ajili hiyo!"

Uso wake ukabadilika, na pale ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyemwambia. Walimwambia Taratibu yuko likizo. "Niliulizwa," akasema, na akatuonyesha kwa kidole kile kisanduku. "Hapa pameandikwa Apigiwe Nani. Mtu ananiuliza, nisijibu? Ile namba ya mwanangu niliipiga sana, inalia tu. Kazini kwetu kulikuwa na sheria: laini isipopokelewa, usimwache mteja na mlio masikioni. Mtafutie anayepokea." Akaifuta tableti kwa mkono wa shati. "Yule kijana anapokea. Hata nikimwita usiku kwa kukohoa tu, anapokea."

Asiye na mwana aeleke jiwe, wahenga walisema. Huyu mzee hakueleka jiwe. Alimchagua mdogo wangu, na sisi tukamwita mdogo wangu mwizi.

Ndoto alikwenda kwa Meneja mwenyewe, na mimi nyuma yake, maana nilitaka kusikia. Akaweka kompyuta mezani. "Kosa ni langu," akasema, bila kutazama dirisha hata mara moja. "Jedwali halimjui mtu. Linajua mlango aliopitia tu. Wote tulipita mlango wa Taratibu, nami nikasoma jina la mlango nikaliita jina la mtu." Meneja akasoma safu nzima, akavua miwani, akaisafisha kwa tai. Mwishowe akanigeukia. "Mama Mpishi, mwambie mdogo wako arudi kesho. Na mwambie namwomba radhi."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Namba yake si unayo? Si umeikuta kwenye kanzidata?"

Akapiga. Mbele yangu.

Siku iliyofuata Taratibu alivaa koti lake, likiwa bado na mikunjo, akamnyoa Babu. Nilibandika maharage makusudi. Yaliiva, yakapoa, na bado alikuwa shavu la pili. Ndoto alimpa kila mlezi akaunti yake, hata mimi wa jikoni, na Babu naye akapewa ya kwake, yenye ruhusa ya kugusa kisanduku kimoja tu, kile cha Apigiwe Nani. Kwa mambo ya kiofisi akatengeneza kisanduku kingine, akakiita Ndugu, na Meneja akafurahi kwamba hatimaye kuna neno la kawaida. Mtoto wa Babu alipopatikana huko aliko, alisema jina la Taratibu libaki palepale, kwenye visanduku vyote viwili.

Babu aliunganisha watu mchana kwa mchana, mpaka majani ya mti wa uani yakapukutika na kuota mengine. Kisha akaishiwa pumzi, taratibu, bila fujo, wakati uleule wa mapazia kufungwa. Taratibu alikuwa amekaa kitandani kwake, amemshika mkono. Mlezi wa zamu akawapigia mapokezi kengele, na yule dada wa mapokezi, mtu wa sheria, akafungua rekodi, akasoma Apigiwe Nani, akabonyeza namba.

Simu ikalia mfukoni mwa mdogo wangu, palepale kando ya kitanda. Akaitoa kwa mkono mmoja, mwingine hakuuachia. "Haloo?"

"Samahani," dada wa mapokezi akaanza, "napiga kukuarifu kuhusu..." Akakwama.

"Nipo naye," Taratibu akasema. "Nimepokea."

Baada ya mazishi Ndoto alirudi kuwa yule wa zamani, au zaidi. Siku moja nikampelekea chai juu, chai nzuri, nikamkuta amelalia meza, shavu juu ya mkono, shuka zinapumua nje. Kompyuta ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa wafanyakazi, ambao sote tunaruhusiwa kuujaza. Ilikuwa rekodi yake yeye. Aitwe Vipi: Ndoto. Kumbe alilipokea hilo jina, na mimi sikujua. Anywe Nini: chai, hata ikipoa. Na Apigiwe Nani, patupu, mshale unawaka na kuzima, unasubiri. Sijui alikaa mbele yake muda gani kabla ya usingizi kumchukua.

Sikugusa kitu. Nikaweka chai, nikafunika kwa kisosi, nikashuka jikoni. Nikafungua kompyuta yangu, kwa akaunti yangu, kwa neno langu la siri ambalo mimi sijalisahau. Nikaandika, pamoja na namba yangu ya simu.

Nilikuwa nakata vitunguu aliposhuka na kompyuta mikononi na alama ya mkunjo wa mkono shavuni.

"Dada," akasema, "kuna mtu amebadilisha rekodi yangu."

"Na safu uliiweka ya nini? Soma."

Akasoma, kwa sauti ileile ya kutoka mbali, ila njiani ikakatika. "Aliyebadilisha: Mpishi."

"Basi," nikamwambia. "Safari hii ni kweli. Kaa chini, mdogo wangu, unywe chai yako."